Tuliombea boti mbili usiku mmoja, ikarudi moja. Mungu alijibu au hakujibu?

binti_wa_mwaloni

Shalom wapendwa, na ambao sio wapendwa pia karibuni, ila naomba heshima kidogo maana hili jambo limenikaa kooni na kanisani sijapata pa kulisemea.

Niko Kigoma, Kibirizi huku mwaloni, nauza dagaa na nasali kwenye kanisa moja la kiroho, jina naliacha. Mvua zilizopita, kipindi cha giza, yaani mwezi haupo ndo wavuvi wanatoka kwa wingi, upepo ulikuja wa ghafla usiku. Kwa ambao hamjafika huku, kipindi hicho ukisimama ufukweni unaona taa za wavuvi zimejaa ziwani utadhani kuna mji mwingine kule kwenye maji. Sasa usiku ule zile taa tukaona zinapungua, ikija mvua nyeupe hatuoni chochote, ikipita tunahesabu tena zimebaki chache.

Wake wa wavuvi wawili wa kanisani kwetu wakatupigia simu, sisi kina mama wa maombi tukakusanyika barazani kwa mmoja wao. Tukaomba jamani. Tukaomba mpaka sauti zikakauka, watu wanalia, watu wananena kwa lugha, na majina ya wanaume wote wa boti zote mbili tuliyataja moja moja, kuna dada alikuwa anayasoma kwa tochi ya simu maana alikuwa ameyaandika nyuma ya daftari lake la madeni ya dagaa. Hatukuombea boti moja kuliko nyingine. Huo ndo ukweli na nipo tayari kuusema popote.

Asubuhi boti moja ikawa imesukumwa na upepo mpaka maeneo ya Mtanga, watu wote wazima. Ile nyingine likaonekana dumu la mafuta na kipande cha wavu. Mume wa mwenzetu alikuja kupatikana baadae na tukamzika.

Haya, Jumapili. Yule dada ambaye mume wake amerudi akaenda mbele kutoa ushuhuda na sadaka ya shukrani, na alikuwa na haki kabisa, mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Akasema Mungu amejibu maombi yetu. Kanisa zima likainuka, pambio, watu wanaruka. Na mwenzetu aliyefiwa alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni karibu na spika na watoto wake, hakuinuka, akawa anamfunga mtoto kamba za kiatu, anafunga, anafungua, anafunga tena. Mimi nilimwona na pambio likanishinda.

Baada ya ibada mmoja wetu, na alidhani anamsaidia, akamwambia dada chunguza nyumbani kwako labda kuna mlango uliachwa wazi, yaani dhambi iliyompa shetani nafasi. Tangu siku hiyo hajarudi kanisani.

Sasa naomba kuuliza wanaojua Neno. Mungu alijibu maombi ya nani usiku ule? Kama alijibu ya yule, ya huyu aliyafanyaje, na yalikuwa ni maombi hayo hayo, mdomo huo huo? Na nikienda kumwona, maana nimepanga kwenda, nikamwambie nini?

---

mlinzi_wa_lango

Amen dada. Mungu hajibu nusu nusu, Biblia iko wazi Marko 11:24, yoyote myaombayo mkisali aminini ya kwamba mnayapokea nayo yatakuwa yenu. Kama hukupokea rudi kwenye kuamini. Pia hilo ziwa lina mambo mengi ya giza tangu mababu, kuna madhabahu humo, na Danieli 10 jibu lilizuiwa siku 21 na mkuu wa Uajemi. Huenda mliacha kuomba mapema. Kina mama wengi wanaomba kwa hisia sio kwa mamlaka. Nasema kwa upendo.

---

fundi_mashine

Mkuu @mlinzi kwahiyo upepo ungesubiri siku 21? Watu walikuwa na masaa tu.

Mimi natengeneza mashine za boti hapa Kigoma na siendi kanisani siku hizi, kwahiyo nitaongea kama mtu wa nje na dada anisamehe. Wakati kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2018 pale Ukara, Ziwa Victoria, walikufa watu zaidi ya 200, halafu siku mbili baadae akatolewa mzima fundi mmoja aliyekuwa amejifungia kwenye chumba chenye hewa kidogo chini huko. Nchi nzima ikasema Mungu mkubwa. Nami nilifurahi, ni fundi mwenzangu yule. Lakini nikajiuliza wale 200 hawakuwa na mama wa kuwaombea? Walikuwemo watoto.

Halafu kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 2006, walichukua wagonjwa wa upasuaji wa moyo 1,802 kwenye hospitali 6, wengine wakaombewa na vikundi vya Wakristo wengine hawakuombewa. Walioombewa na wasioombewa, ambao wote hawakuwa na uhakika kama wanaombewa, walipata matatizo baada ya upasuaji karibu sawa tu, asilimia 52 kwa 51. Na kundi la tatu, lile lililoambiwa kabisa kwamba nyie mnaombewa, ndo likawa na matatizo zaidi, asilimia 59. Sisemi kitu, nasema namba tu.

Na swali langu kwenu watu wa maombi, hizo boti mbili zilikuwa na laifujaketi ngapi? Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa utabiri wa maziwa, nani aliuangalia jioni ile kabla ya kusukuma mtumbwi?

---

binti_wa_mwaloni

@fundi_mashine boti zote mbili hakukuwa na laifujaketi hata moja, kwahiyo hilo halijatofautisha waliorudi na wasiorudi. Ila nimekusikia.

@mlinzi_wa_lango hatukuacha kuomba mapema kaka. Tuliacha asubuhi tulipoletewa habari.

---

mzee_katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu pole sana, na huyo mwenzako mpe pole yangu, mwambie kuna mzee wa Ujiji anamtaja kwenye rozari yake.

Mimi ni Mkatoliki, nimekuwa katekista mpaka nimestaafu, nyie walokole mtanivumilia. Swali lako limo kwenye Biblia karibu kama ulivyoliandika, isipokuwa badala ya ziwa ni gereza. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 12. Watu huwa wanaanzia mstari wa 5, pale Petro yuko gerezani na kanisa linamwombea kwa juhudi. Tunaruka mistari miwili ya kwanza. Huko inasemwa Herode alimuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mstari mmoja tu, amekwisha. Halafu mistari mingi sana ya Petro, minyororo miwili, askari wawili, malaika, lango la chuma limefunguka lenyewe.

Kanisa ni lile lile la Yerusalemu, mfalme ni yule yule. Unadhani Yakobo alipokamatwa hawakumwombea? Mtume wa Bwana, mmoja wa wale watatu waliopanda naye mlimani! Mmoja akauawa, mmoja akatoka. Na Luka aliyeandika hasemi Petro alikuwa na imani kuliko Yakobo, hasemi nyumbani kwa Yakobo kulikuwa na mlango wazi. Hasemi sababu kabisa. Nimesoma sura hiyo tangu kijana na bado natafuta sababu, haimo.

Na ndugu yangu mlinzi wa lango nisikilize kwa hili la imani. Usiku Petro alipotoka alikwenda nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana aitwaye Marko, watu wamejaa wanasali. Akabisha. Kijakazi Roda akaja, akaijua sauti, kwa furaha akasahau hata kufungua mlango, akarudi mbio ndani kusema Petro yuko nje. Wakamwambia una wazimu. Wale wanaomwombea Petro ndio wanaosema una wazimu! Walipoona anasisitiza wakasema basi ni malaika wake. Jibu la maombi yao limesimama nje linagonga na wao wanabishana ndani. Sasa niambie hiyo ndiyo imani iliyomtoa Petro? Kama Mungu angekuwa anapima imani ya waombaji kwanza, Petro angelala humo humo ndani.

Kuna jambo lingine ambalo huwa silisemi kwenye mafundisho ya kipaimara maana ni zito. Yakobo na Yohana walikuwa wavuvi, baba yao Zebedayo alikuwa na mashua na vibarua. Mama yao aliwahi kwenda kwa Yesu na ombi, Mathayo 20, akapiga magoti akasema agiza hawa wanangu wawili waketi mmoja kulia kwako na mmoja kushoto. Ombi la mama huyo. Yesu akamjibu hamjui mnaloliomba, akawauliza vijana mwaweza kunywa kikombe nitakachokunywa mimi, wakasema twaweza, akasema hakika mtakinywa. Mama akaomba kiti, mwanawe mmoja akapata upanga. Na mama huyo huyo Mathayo anamtaja tena sura ya 27 akiwa kati ya wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali pale msalabani. Hakuondoka. Sijui alielewa kiasi gani, lakini hakuondoka.

---

fundi_mashine

Mzee shikamoo. Umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea ila umenipa silaha pia. Hiyo sura 12 ukiendelea mbele wale askari walinzi wa Petro wanauawa na Herode kwa sababu mfungwa ametoroka. Nimeangalia sasa hivi, mstari wa 19. Nao walikuwa na wake zao.

---

mzee_katekista

Marahaba. Umesoma kijana, na umesoma mstari ambao mapadre wengi hawauhubiri. Ndiyo, nao walikuwa na wake zao. Sina la kukujibu hapo ambalo halitakuwa maneno matupu.

Kwenye utafiti wako nina la kusema. Namba sizikatai. Ila Kumbukumbu la Torati 6:16 inasema msimjaribu Bwana Mungu wenu, na Yesu aliurudia mstari huo shetani alipomwambia jitupe tuone kama malaika watakudaka. Kuomba kwa Mkristo ni kumsemesha mtu, na mtu ana hiari. Ukimwekea mtu mtihani wa kujua kama anakupenda, atakachokuonyesha siku hiyo hakitakuwa upendo wake. Kwahiyo utafiti ule umethibitisha jambo ambalo sisi tulipaswa kulijua zamani, kwamba maombi sio swichi. Tatizo ni kwamba wahubiri wengi wanauza swichi.

---

Ujiji_mtaa

Asalaam aleykum na bwana asifiwe kwa wenye nayo. Mimi Muislamu, nimeona uzi nikasoma wote maana msiba ule tulizika pamoja huku, ziwa haliulizi dini. Kwetu kuna hadithi ya Mtume kwamba dua ya muumini isiyo na dhambi wala kukata undugu haipotei, ama atapewa alichoomba hapa hapa, ama atawekewa akhera, ama ataepushiwa baya mfano wake. Sijaja kubishana, nimeona inafanana na mnayoyasema. Dada mfikishie huyo mama pole, na watoto wake Mungu awakuze.

---

mlinzi_wa_lango

Mnapunguza nguvu za Mungu. Yesu alisema mkiomba neno lolote kwa jina langu nitalifanya, Yohana 14:14. LOLOTE. Mimi mwenyewe nimeombea watu wakapona. Mkianza kufundisha watu "labda Mungu atasema hapana" mnawapa kisingizio cha kutokuomba.

---

nahodha_mstaafu

@mlinzi kaka mimi naamini uponyaji, niliokoka kwenye mkutano wa injili uwanja wa Mwanga hapa hapa mjini, kwahiyo usiniweke kundi la wasioamini. Lakini lolote kwa jina lake maana yake kama atakavyo aliyekutuma. Mtoto akitumwa dukani kwa jina la baba hawezi kuleta pombe akasema nimeambiwa lolote. Na Yohana yule yule kwenye waraka wake wa kwanza 5:14 ameandika tukiomba kitu sawasawa na mapenzi yake atusikia. Mwandishi mmoja, usimtenganishe. Paulo aliponya watu wengi wewe unajua, lakini 2 Timotheo 4:20 anasema Trofimo nimemwacha Mileto hawezi. Kamwacha mgonjwa! Timotheo tumbo lilikuwa linamsumbua akamwambia atumie divai kidogo. Na yeye mwenyewe aliomba mwiba wake utoke mara tatu akaambiwa neema yangu yakutosha. Kwahiyo Paulo naye hakuwa na mamlaka?

Sasa nimeingia hasa kwa sababu ya fundi, maana mimi nimekaa ziwani umri wangu mwingi kuanzia Kagunga kule mpakani mpaka kusini, na fundi ameuliza swali ambalo kanisani hatulipendi. Laifujaketi.

Ndugu zangu soma Matendo 27, ile safari ya Paulo ya meli. Mimi naisoma kama mtu wa majini. Kwanza Paulo aliwaonya kabla hawajatoka, aliwaambia safari hii ina hasara, msimu umeshaharibika. Yule akida wa askari akamsikiliza nahodha na mwenye meli badala ya Paulo, na kisa bandari ile haikuwa nzuri kukaa wakati wa baridi. Mnaijua hii? Ni hii hii ya tajiri wa boti anakwambia twende tu giza linaisha, ukibaki wiki mbili tunarudi kwenye mwezi hakuna dagaa, na deni la mafuta linasubiri. Basi wakatoka, upepo wa kusi ukavuma kidogo wakadhani wamepata walichotaka, halafu tufani ikawashukia. Siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Hapo ndipo malaika anamjia Paulo usiku anamwambia usiogope, Mungu amekupa wote wanaosafiri pamoja nawe. Ahadi hiyo. Ya Mungu. Watu 276 hakuna atakayepotea.

Sasa angalia kilichofuata. Mabaharia wanataka kutoroka na mashua ndogo, wanajifanya wanashusha nanga, Paulo anamwambia akida hawa wasipokaa ndani ya merikebu ninyi hamtaweza kuokoka. Mtu ana ahadi ya malaika mkononi na bado anasema tukikosa mabaharia tumekwisha! Na bado anawalazimisha wale chakula wapate nguvu, wanatupa ngano baharini meli iwe nyepesi. Meli yenyewe ikavunjika. Wenye kujua kuogelea wakajitupa kwanza, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya meli, na ndivyo wote wakafika nchi kavu. Jibu la maombi lilikuja kwa kushika ubao.

Kwahiyo mimi siku hizi mtu akiniambia mzee tuombee tunatoka, namuuliza ubao wako uko wapi. Wengine wananicheka, wanasema mzee umepungua imani. Mfalme Hezekia alipoumwa akaomba akaongezewa miaka 15, Isaya aliagiza pia wachukue mkate wa tini waubandike kwenye jipu, Isaya 38. Nabii anaombea na anabandika dawa. Sisi ni nani?

---

mama_Kwihara

Mwangaluka wote, mimi niko Tabora. Nimesoma mpaka mwisho, wanaume mmeongea sana na mmeongea vizuri, ila dada aliuliza maswali mawili na la pili hamjaligusa. Aliuliza akamwambie nini.

Dada yangu mimi ni mjane. Mume wangu aliombewa na makanisa karibu yote ya mtaani kwetu, Waanglikana wamekuja, Wamoravian wamekuja, walokole wamekesha, padre amempaka mafuta. Alikufa. Nitakuambia kitu kimoja, usiende na mstari. Kila mtu alikuja kwangu na mstari. Warumi 8:28 niliambiwa na watu wengi mpaka nikawa namwona mtu anashuka kwenye bodaboda najua huyu anakuja na mambo yote kufanya kazi pamoja. Ni neno la Mungu, silikatai, ila nilikuwa sijala.

Ninayemkumbuka ni jirani mmoja ambaye alichukua simu yangu akaikaa nayo siku nzima akawa anapokea yeye, ndiyo, amefariki, ndiyo, mazishi kesho, hapana hawezi kuongea sasa. Hivyo tu. Hakuniombea hata mara moja kwa sauti.

Kwahiyo nenda na sukari, nenda na sabuni, angalia watoto wanadaiwa nini shuleni. Akikuuliza kwa nini, usijibu. Akimkasirikia Mungu mbele yako usimnyamazishe kwa kumwogopea. Zaburi ya 88 ipo kwenye Biblia na huwa hakuna anayeihubiri, mtu analia usiku na mchana, anamwambia Mungu mbona unanificha uso wako, na inaisha vilevile gizani, hakuna "lakini nitakusifu" pale mwisho. Mungu ameacha maombi hayo yaandikwe kama yalivyo. Na Yesu mwenyewe msalabani aliuliza mbona umeniacha, na Baba hakusema neno saa ile. Hiyo nayo ni sala.

Na yule aliyesema habari za mlango ulioachwa wazi, mumpelekee Luka 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, Yesu akauliza mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu? Akasema sivyo. Alishajibu, sisi tunarudisha swali.

---

mzee_katekista

Mama umesema. Naongeza kidogo tu kisha nanyamaza.

Mtakatifu Monika alikesha akimwomba Mungu mwanae Augustino asipande meli kutoka Karthago kwenda Roma. Kijana akamdanganya mama, akaondoka usiku mama akiwa kanisani anasali. Asubuhi upepo umeshajaza matanga. Augustino mwenyewe aliandika baadae kwamba Mungu hakumpa mama yake alichoomba usiku ule ili ampe alichokuwa akikiomba siku zote, maana ni safari hiyo hiyo iliyomfikisha Milano akabatizwa mwaka 387. Ni hadithi nzuri na ya kweli, na mimi naipenda. Lakini binti yangu USIENDE NAYO kwa huyo mjane. Monika alimpata mwanae. Huyu mumewe yuko kaburini. Hadithi hiyo ni ya mtu kujisimulia mwenyewe baada ya miaka, hapewi na jirani.

Hata hapa kwetu Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, walipokuja Ujiji, walifika 1879, kiongozi wa msafara wao alifia njiani 1878. Sidhani kama hakuombewa. Kanisa likaja likasimama, na yeye alibaki njiani, na vyote viwili ni kweli.

---

mlinzi_wa_lango

Basi niulize nami. Kwahiyo watu wasitoe ushuhuda tena?

---

binti_wa_mwaloni

@mlinzi hapana, nadhani watoe. Mimi nisingetaka yule dada anyamaze, mume wake amerudi kutoka majini, anyamaze vipi? Nadhani tatizo halikuwa yeye, tatizo ni sisi wengine wote tuliosimama hakuna hata mmoja aliyeenda kukaa kwenye lile benchi. Nimeongea na mama mchungaji, amesema hata yeye halikumpita ila hakujua afanye nini na spika zinalia. Amekubali kwamba siku ya shukrani kama kuna msiba kwenye jambo hilo hilo tuanze na wafiwa, waombewe kwanza, majina yao yatajwe, halafu ndo ushuhuda. Sijui kama itakubalika kwa wazee wa kanisa, wengine wanaona tunapoozesha ibada.

Nimeenda kumwona. Sikwenda na mstari, @mama_Kwihara Mungu akubariki, nilikwenda na unga na nikamsaidia kugeuza dagaa kwenye chanja maana ameanza kuchukua mzigo kidogo kwa mkopo. Tulikaa muda mrefu tunaongelea bei tu. Halafu yeye mwenyewe akasema, anasema hajaacha kuomba, anaomba kila usiku, ila kanisani hawezi kwenda kwa sababu wakianza kuomba anasubiri kusikia jina la mume wake kwenye orodha. Nikashindwa kuongea. Nilitaka kumweleza habari za Yakobo na Petro, mzee, nikaona bado.

@nahodha_mstaafu habari ya ubao nimewasomea kina mama wote Matendo 27 Alhamisi iliyopita, na tumeanza kuchanga kununua laifujaketi za boti za wanaume wa kanisani, zikizidi zile za majirani. Kuna mume wa mtu ameshasema hatavaa, eti inamzuia kuvuta wavu.

---

fundi_mashine

Huyo mume wa mtu mwambie aje kwangu nimwonyeshe zile nyembamba, hazizuii mkono. Na msinunue zile za bei ya chini zinazouzwa mitaani, zingine sponji yake inanyonya maji, ikiloa inakuvuta chini. Kabla ya kununua ichovye kwenye pipa la maji usiku mzima, uiwekee jiwe la kilo kadhaa, asubuhi uone kama bado inaelea.

Mimi kuomba siombi, hilo mnalijua. Ila naweka hela ya laifujaketi mbili. Nani anakusanya?

---

binti_wa_mwaloni

Mhasibu ni yule dada mwenye daftari. Nakutumia namba yake inbox, na andika jina lako vizuri maana anaandika kila kitu.